Usiezeke, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mvua ndiyo haituachi.

Nimesikia umefika kwenye linta na mbao za paa ziko tayari. Hongera. Wifi aliniambia unawacheka waliojenga kilimani, eti wewe kiwanja chako kina kibali na mhuri wa serikali. Nilicheka naye, kisha nikabadili mazungumzo.

Habari za kazini ni hizi. Ofisi yetu ya maji na ile ya mipango ya ardhi zilikuwa zinatazamana kama wake wenza: salamu tu, siri hapana. Wao wanagawa viwanja, sisi tunapima mto. Mwezi huu mkuu mpya ametukalisha meza moja, akasema kabla nyumba hazijapewa mahali, kwanza maji yapewe pao. Tukatandaza ramani zote mbili. Mchora ramani wao akauliza mbona kinu cha kusagia kilicho jirani na kiwanja chako kina alama ya tope mpaka dirishani, ya mwaka ule wa mvua kubwa, ilhali daftari letu linasema mto haukuvuka kingo. Mmoja wetu akasema labda watoto walipaka tope. Mimi nikainamia chai yangu.

Kaka, daftari lile niliandika mimi. Mwaka ule ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa, kazi yangu kushuka mtoni kila asubuhi kusoma kipimo. Mvua ilipokolea niliogopa utelezi, nikawa naandika nikiwa nyumbani: leo naongeza kidogo, kesho napunguza. Wiki tatu nzima. Wenzetu wakaziamini namba zile, wakakata viwanja, na wewe ukauziwa kimoja. Siku uliponionyesha hati nilijua, na bado nikakupongeza. Naona aibu, Kaka, wallahi.

Kesho asubuhi namweleza mkuu. Kazi ikienda, na iende. Kwa simu ningekwepa, ndiyo maana nimempa dereva wa ofisi barua hii aifikishe leo leo. Usiezeke. Na kama bado mnalala kwenye kile kibanda cha hapo kiwanjani, hameni kabla ya jua kuzama, vyombo mtavifuata baadaye. Kwangu vyumba ni viwili, tutabanana.

Msalimie sana wifi. Akiuliza nimeandika nini, msomee yote, usinisitiri.

Mdogo wako,
Kitinda