Marahaba Niliyomwitikia Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko? Hapa Ujerumani nayo imeanza, ila ya huku haina moto wa kuni wala watu wa kuota nao. Mimi mzima, kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, mgongo unauma kidogo tu. Barua hii nimempa dada wa usharika wetu anayekuja likizo, kwa sababu simu yako mnaisikiliza wawili kwa spika, na haya sitaki Baba ayasikie.

Ni habari ya mkutano wa wenye nyumba wa Jumapili.

Unajua nilivyohangaika na mikutano ile. Wenye nyumba wa kilima chetu tumetawanyika, mmoja Dar, mwingine Tanga, mwingine huku. Aliyebaki hapo Lushoto na kumjua kila mpangaji ni Baba, ndiyo maana wakamfanya mwenyekiti, na mimi nikapewa kuendesha mambo ya mtandaoni. Mwanzoni lilikuwa gulio. Kila anayeingia anataka kuwaamkia wazee mmoja mmoja, jogoo wa mtu anawika, mwingine anagombana na mkewe kipaza sauti kiko wazi, saa inaisha ajenda haijaguswa. Nikaweka utaratibu: ajenda inatumwa kwenye kundi siku moja kabla, vipaza sauti vyote navizima, anayetaka kusema ananyoosha mkono, na shikamoo ni moja tu, naitoa mimi kwa niaba ya wote, Baba anaitikia, tunaanza. Yule mzee aliyehamia Mtae alininunia, akasema nimewanyima watu salamu zao, lakini mikutano ikaanza kwisha kwa wakati.

Jumapili ajenda ilikuwa mtaro unaomwaga maji kwenye ukuta wa jirani. Nikawaingiza watu, nikasema, "Shikamoo, Mwenyekiti." Baba akasogeza uso kwenye simu, akanitazama, kisha akasema taratibu, "Shikamoo, Mama."

Watu wakacheka. Wote wanajua nimerithi jina la bibi, na tangu nizaliwe Baba haniiti kingine zaidi ya Mama. Mzee wa Mtae akawasha kipaza sauti chake, "Leo Mwenyekiti kamwamkia mwanawe, dunia imepinduka hii." Na mimi nikacheka, nikarudia salamu. Baba hakuitikia. Alikaa wima, mikono mapajani, ananingoja kama mtoto aliyefunzwa adabu. Ndipo nikayaona macho yake. Macho yale nayajua, Mama, nayakuta kazini kila siku, na sikutaka kuyaona kwa mtu wangu.

Akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, kwamba ameshawafunga mbuzi wote, sasa mbona mama yake haitiki?

Sijui kama ulisikia au ulikuwa jikoni. Baba hafungui mkutano mpaka aitikiwe. Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Uso wake ukalegea kwa raha. Akageukia watu, akafungua mkutano, akaueleza ule mtaro vizuri kabisa, unakoanzia na unakoziba. Mwisho wakamsifu, wakasema uchaguzi ukifika hawamtaki mwingine. Mimi nilikuwa nimezima kamera, nalia huku nawapa watu zamu zao.

Nilipokupigia, naye yuko pembeni yako, ulisema ni utani wake, ni uzee tu. Sikulaumu. Jina alilonipa kwa mapenzi ndilo lililotuziba macho, hata hatujui ni lini aliacha kuniita mimi akaanza kumwita mama yake. Najua unamvalisha lile koti la kanisani na kumweka mbele ya simu kwa sababu saa hiyo anakuwa mume wako wa siku zote. Hata mimi ndiyo saa ninayoisubiri mwezi mzima, na nikiipoteza sijui nitabaki na nini. Lakini naogopa siku watakapoelewa wanachokicheka. Nakuomba asigombee tena. Sema ni afya, apumzike wakati wangali wanamwita Mwenyekiti kwa heshima. Na kaka ampeleke hospitali, asingoje mpaka mimi nije. Inaniuma sana kwamba nawaogesha baba za watu, na wangu namwona kwenye kioo cha simu.

Nisalimie kaka na wifi, na shangazi wa Mponde, mwambie majani yake ya chai yalifika na nayanywa kwa uchoyo. Jirani wa ukutani mpe pole, mtaro tumekubaliana uzibuliwe kabla ya mvua.

Na Baba msalimie. Usimwambie ni salamu za mwanawe, atakuuliza mwana gani, nawe utalia mbele yake. Mwambie mama yake amemsalimia.

Ni mimi mwanao,
Magdalena