Udongo Hutupwa Juu

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya Form Two, nikafungua bahasha ya mhariri kutoka Nairobi. Michoro ya kitabu changu cha hesabu, niliyoichora kwa mkono, imechorwa upya kwa kompyuta. Duara safi. Pembe safi. Nilifurahi mpaka ukurasa wa mteremko, wenye matuta ya shamba.

Wameharibu. Kilima changu kimenyooshwa kama rula. Uzi wa kupimia wameutoa. Na udongo uliochimbwa mtaroni wameuweka upande wa chini! Kwenye tuta la aina ya fanya juu, udongo hutupwa juu ya mtaro. La sivyo mvua moja tu, shamba lote liko mtoni.

Jumanne, 6

Nimempigia mhariri simu kutoka posta. "Madam, ni mchoro tu. Mtoto anataka pembetatu, hataki shamba." Akacheka. Nisipoweka sahihi kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, kitabu hakitoki.

Siweki.

Jumatano, 7

Mwalimu mkuu anasema nikubali, nitarekebisha toleo la pili. Toleo la pili gani? Hata la kwanza sina.

Mama na kikundi chao cha mwethya, cha kusaidiana kazi, walichimba matuta yale ya Matiliku nikiwa mtoto wa kuwapelekea maji. Mteremko nilijifunza pale. Watu wawili wameshika fito, uzi katikati. Ardhi inapinda, uzi haupindi. Hesabu ndiyo hiyo. Ukinyoosha kilima, uzi ni wa nini?

Jumamosi, 10

Ofisi ya kanisa, Kitui mjini. Ndinda, karani, ana programu ile ile wanayotumia Nairobi. Nitachora mwenyewe.

"Mwalimu, hii kitu haipendi mistari mbaya," akanionya. Kweli. Kila nikipinda kilima, kompyuta inakivuta kwenye vijimraba vyake. Nimetukana kimoyomoyo, ndani ya ofisi ya kanisa. Ndinda akapata pa kuizima hiyo tabia. Tukaendelea vizuri. Halafu stima ikapotea kabla hatujahifadhi kazi.

Nililia kwa hasira. Nikanywa chai. Iliporudi nikaanza tena.

Jumatatu, 12

Nimerudi kwa Ndinda baada ya masomo. Kilima kimepinda. Uzi umenyooka. Udongo uko juu ya mtaro. Mkono uliteleza kwenye kipanya, pakatokea kinundu karibu na kilele. Ndinda alitaka kukifuta. Nimekataa. Wameshafuta vya kutosha.

Disketi imetumwa Nairobi, na barua ya mstari mmoja: mchoro huu, au msichapishe.

Naogopa. Miaka minne ya kazi. Lakini sirudi nyuma.

Ijumaa, 16

Siku ya mwisho. Hakuna simu, hakuna barua. Sikuweka sahihi.

Jumamosi, 12 Novemba

Nyumbani Matiliku. Mvua tangu alfajiri.

Kurasa za mwisho kabla ya kuchapwa zilifika jana, bila neno lolote kutoka kwa mhariri. Mchoro ni wangu. Kinundu kipo. Nimeweka sahihi.

Nimemwonyesha Mama jikoni. Akapangusa mikono kwa leso, akapitisha kidole polepole juu ya kilima mpaka kwenye kinundu.

"Hapa ndio lile jiwe lilitushinda, mimi na kina Mbula wa mwethya."

Sikumwambia ni mkono ulioteleza. Mvua ilipopungua tulitoka kuangalia matuta. Maji yalikuwa yametulia mtaroni, na udongo ulikuwa juu, mahali pake.