Betri Niliyoichagua

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Nilikuwa napiga chapa ukurasa wa sitini na mbili wa utafiti wa mwanachuo mmoja, na sikuwa nimehifadhi tangu ule wa hamsini na nne. Kosa langu, lakini nimewatukana watu wa umeme. Wateja wanne walikaa kwenye benchi wakiitazama kompyuta iliyozimika, halafu mmoja mmoja wakahamia kwa jirani mwenye jenereta. Mgawo huu wa umeme utanifungisha duka.

Mchana nikaenda kwa Temba mwenye duka la intaneti. Barua pepe ya Anaeli. Nimeisoma mara tatu. Mdogo wangu anakuja. Miaka tisa Marekani, na sasa tiketi ameshakata. Anaondoka kule tarehe 20 Desemba, anatua uwanja wa KIA tarehe 21 usiku. Tena ataniletea laptopu mpya. Nichague mwenyewe kwenye tovuti, kila kilichomo ndani, yeye atalipa, itapelekwa kwake na ataibeba. "Chagua unachotaka, dada. Usinionee huruma."

Nimetembea mpaka dukani nikicheka peke yangu. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 8 Novemba

Baba mdogo Eliamini ameshuka kutoka Machame kuniletea ndizi na habari. Habari ni kubwa kuliko ndizi. Baba amekubali.

Imechukua tangu Agosti. Baba mdogo amekwenda kwake mara tatu na jani la isale mkononi kumwombea Anaeli msamaha. Mwenye isale hafukuzwi, ndivyo tulivyolelewa, lakini mara mbili Baba alimwacha amesimama uani akaendelea na kazi zake. Mara ya tatu akalipokea. Sharti lake: "yule" aje mwenyewe tarehe 27 Desemba, ukoo ukiwa umekaa kwetu kihambani, kwenye shamba la babu, aombe mbele ya watu wote. Siku hiyo, si nyingine. Baada ya hapo watu wanatawanyika Dar na Arusha, na Baba hasamehe mtu faraghani.

"Yule." Miaka tisa hajamtaja kwa jina. Sijawahi kumlaumu Baba. Mwaka ule alikuwa amelazwa hospitali na mguu wake, bei ya kahawa imeanguka, Anaeli akaona ujanja. Aling'oa mibuni yote ya upande wa chini, ile aliyoipanda babu, akapanda nyanya. Hakumwuliza mtu. Nyanya zikaoza kwa kukosa mnunuzi. Baba alirudi na magongo, akasimama pale penye mashimo. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Mimi ndiye niliyempigia Anaeli chapa fomu zote za safari yake. Hajawahi kuninyima kitu tangu hapo.

Jumanne, 14 Novemba

Saa nzima kwa Temba. Sikujua kompyuta inachaguliwa hivi, kama gauni kwa fundi. Ukurasa unauliza kasi gani, kumbukumbu kiasi gani, diski, kioo cha inchi ngapi, mpaka rangi ya kifuniko. Unabofya, bei inabadilika pembeni, na chini ya bei kuna tarehe ya kumfikia mnunuzi. Mtandao ulikwama mara mbili nikaanza upya. Nikachukua ya kawaida. Kifuniko cheusi. Tarehe: 1 Desemba.

Nikamtumia Anaeli. Kabla sijainuka amejibu kwamba amelipa. Furaha tupu.

Jumamosi, 18 Novemba

Temba hajui kunyamaza. "Aisee dada, kumbukumbu ndogo hivyo, unataka mashine ya kuandikia barua moja kwa mwezi?" Kanielezea mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Nimemwandikia Anaeli, akakubali, nikarudi kwenye ukurasa wa oda yetu, nikaongeza kumbukumbu.

Tarehe ikasogea mpaka 7 Desemba. Temba anasema mashine hizi zinaundwa mtu akishaagiza. Ukibadilisha kitu unarudishwa mwisho wa foleni. Haidhuru, bado mapema.

Jumatano, 22 Novemba

Leo umeme haukuwaka kabisa hadi saa kumi na mbili jioni. Nimerudisha kazi ya harusi, kadi mia mbili.

Nimekwenda kwa Temba na hasira. Kwenye ule ukurasa kuna betri mbili. Ya kawaida inakaa saa mbili na nusu. Kubwa inakaa siku nzima ya kazi. Nikabofya kubwa. Tarehe ikaruka mpaka 18 Desemba.

Niliiona. Nikahesabu kwa vidole: anaondoka tarehe 20, siku mbili zinatosha. Nikahifadhi. Anaeli kakubali kwa neno moja tu, "Sawa."

Jumamosi, 2 Desemba

Machame tangu asubuhi. Nyumba imepakwa chokaa. Baba kachagua beberu, kamfunga peke yake nyuma ya banda ili anenepe. Koti lake la kanisani lilikuwa kambani linaanikwa. Amenituma kuazima viti kwa majirani, kisha akanituma tena kuuliza kama vitatosha.

Tukiwa jikoni, nikikata ndizi za supu ya mtori, akaniuliza yule anafika lini. Sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya sukari. Nikamwambia tarehe 21. Akasema vizuri, atapata siku za kupumzika kwanza. Nilikwenda nje kulia kidogo. Sijamwona Baba hivi tangu Mama afariki.

Jumamosi, 16 Desemba

Barua ya Anaeli. Wenye kampuni wamemwandikia kwamba ile betri kubwa imewaishia. Laptopu itamfikia tarehe 22. Yeye anaondoka 20. Ananiuliza: aiache aje mikono mitupu, au asogeze safari? Akisogeza atatua hapa tarehe 26 usiku, ndege za kabla ya hapo zimejaa. "Sema wewe, dada. Mimi nafuata utakalosema."

Nilikaa mbele ya kile kioo dakika ishirini za kulipia. Nilifikiria benchi langu tupu. Nilifikiria jenereta ya jirani. Nikaandika: kama haina usumbufu, isubiri, tarehe 27 utakuwa umeshafika.

Nilijua hawezi kuninyima. Nilijua na nikaandika.

Jumanne, 19 Desemba

Amesogeza. Nimempigia Baba mdogo simu kumwambia Anaeli atafika tarehe 26, anasubiri kompyuta imfikie. Akasema, "Inakaribia mno, mwanangu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Baba kaambiwa tu kwamba safari imesogea. Hakuuliza sababu.

Nimehesabu tena siku kwa vidole.

Jumanne, 26 Desemba

Jioni hii, nikijiandaa kwenda KIA kumpokea, ujumbe kwenye simu. Theluji. Viwanja vya ndege vya Ulaya vimefungwa, amekwama huko tangu jana, amewekwa kwenye ndege ya kesho. Itatua kesho usiku.

Kesho usiku watu watakuwa wameshakula na kuondoka.

Jumatano, 27 Desemba

Walikuja wote. Wazee wa ukoo tisa, wajomba, wanawake jikoni, watoto wa mjini wakilalamika matope. Baba kavaa koti lile. Kiti kimoja mbele yake kilikuwa kitupu.

Saa saba Baba mdogo akainuka na kueleza habari ya theluji. Wazee wakaguna kwa huruma. Theluji tunaiona kila siku kule juu mlimani, tunaijua. Baba akaitikia kwa kichwa. Halafu mzee mmoja akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa: si ilisemwa mtoto anakuja tarehe 21? Baba mdogo hajui kudanganya. Akasema Anaeli alichelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anasubiri kompyuta.

"Kompyuta," Baba akasema.

Hakuna aliyeuliza kompyuta ya nani. Nilikuwa nimesimama pale na sufuria ya kisusio, nagawa supu. Maneno yalikuwa mdomoni. Ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nikamgawia mzee aliyefuata, na aliyefuata.

Baba alikaa mpaka saa kumi na moja. Hakula. Kisha akawaambia watu warudi salama, amewashukuru. "Alichagua nyanya, na sasa amechagua kompyuta." Akaingia ndani.

Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Alhamisi, 28 Desemba

Tulipanda Machame asubuhi, mimi na Anaeli. Amekonda. Mvi pembeni, akiwa na miaka thelathini na sita. Begi la laptopu hakutaka libaki dukani, wala hakuniachia nilibebe, anaogopa nitaliangusha.

Baba alikuwa kibarazani na Baba mdogo. Anaeli akapiga goti uani. "Shikamoo, Baba." Baba hakuitikia. Akamgeukia Baba mdogo: "Mwulize yule, ni kweli alichelewa kwa ajili ya kompyuta?"

Anaeli aliniangalia. Si kwa lawama. Alikuwa ananingojea niamue. Nikaangalia migomba.

Akasema, "Ni kweli, Baba. Kosa ni langu. Nisamehe."

Begi bado lilikuwa begani kwake. Baba akalitazama lile begi, hakumtazama aliyelibeba. Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumamosi, 6 Januari 2007

Ameondoka. Siku tisa alilala kwangu mjini. Mara tatu alipanda Machame, mara tatu Baba hakutoka chumbani. Nilimwambia nitakwenda kusema ukweli. Akaniomba nisubiri aondoke kwanza. Hakutaka kunisikia nikifukuzwa naye yupo. "Mimi nimeshazoea, dada. Wewe ndiye uliyebaki naye."

Nikakubali. Kila anaponipa njia rahisi, naifuata.

Ijumaa, 19 Januari

Umeme hakuna tangu asubuhi. Laptopu imefanya kazi mpaka jioni bila kuyumba. Benchi limejaa. Wale waliokuwa wamehamia kwa jirani wamerudi na pongezi. Mama mmoja kaniambia nina bahati ya kuwa na ndugu.

Mashine nzuri sana. Naichukia. Kuipenda siwezi na kuitupa siwezi, inanilisha.

Nimemaliza kazi ya yule mwanachuo. Kanipa soda.

Jumamosi, 3 Februari

Nimekwenda. Sikupeleka kitu, hata mkate. Nilimkuta Baba upande wa chini wa kihamba, penye ile mibuni iliyong'olewa. Siku hizi pana majani tu, na alikuwa anakata. Nikamwamkia. Nikasema nikiwa nimesimama, la sivyo nisingesema. Kwamba kompyuta ni yangu. Kwamba betri niliichagua mimi. Kwamba Anaeli aliniuliza asubiri au aje, nami nikamwambia asubiri. Kwamba tarehe 27 nilikuwepo na sufuria mkononi nikanyamaza, na tarehe 28 pia.

Panga likasimama. Nilingoja matusi, nilikuwa nayataka.

Akauliza, "Na yeye alijua ni wewe?"

Nikasema alijua.

"Na hakukutaja."

"Hakunitaja."

Alikaa chini pale pale kwenye majani. Baba hakai chini hovyo, ule mguu unamsumbua kuinuka. Akasema yule aliyeondoka hapa alikuwa mtoto wa kukimbia na kujitetea. Huyu aliyerudi amebeba kosa la mwenzake mbele ya baba yake. "Kumbe Anaeli amekuwa mtu mzima. Na mimi sikumtazama hata usoni."

Jina lake. Alilitaja kama vile hajawahi kuliacha.

Nikamwambia tumpigie simu sasa hivi, ninayo hapa. Akakataa. Lililosemwa mbele ya watu litaondolewa mbele ya watu, naye akiwepo. Akauliza atapata ruhusa tena lini. Nikasema labda baada ya miaka miwili, labda zaidi, inategemea kazi yake na karatasi zake.

Akahesabu, nafikiri. Ana miaka sabini na sita. Hakusema hesabu imefika wapi.

Mimi hakunigombeza. Alininyooshea mkono nimwinue, nikamwinua. Tulifunga mzigo wa majani, nikajitwika, yeye akatangulia taratibu kwenda bandani.