Kofia ya Baba Mdogo juu ya Bahasha

Songea, mwezi wa saba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua baridi ya mwezi huu haikupi nafasi, na goti lako sijui siku hizi linasemaje. Anasia aliniandikia kwamba bado unashuka mwenyewe bondeni kukata majani ya ng'ombe. Mama, naomba uache. Na wewe Anasia unayemsomea, usiruke hapo, rudia kwa sauti: aache. Mimi huku ni mzima, ila mafua kidogo, na hilo shuka ulilonifungia limefika salama.

Kazi ni ileile kwa fundi cherehani. Nashona sare za shule, natoboa vishimo vya vifungo mpaka macho yanauma. Tangu kiwanda chetu pale Moshi kilipouzwa na sisi tukaambiwa twende nyumbani, nimejifunza kushukuru kwa kazi yoyote. Lakini chumba nilichopanga kina ukimya ambao sijauzoea. Hakuna ng'ombe wa kulia alfajiri, hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Uliuliza zile picha za kwenye bahasha nanunua wapi. Sinunui, nachonga mwenyewe. Nyuma ya kibanda chetu kuna mzee anayechonga mihuri ya maduka na ofisi, kwa wembe, kwenye soli za ndala zilizokwisha. Nilikuwa nakwenda kumtazama wateja wakipungua, mpaka siku moja akanikatia kipande akaniambia nijaribu. Unachora kwanza kwa kalamu, kinyume, kisha unaondoa taratibu kila sehemu usiyotaka iguse wino. Wa kwanza ulikuwa mkungu wa ndizi, nikajikata kidole, na ndizi zenyewe zikatoka kama sega la nyuki. Yule mzee alicheka sana.

Sasa nachonga kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Nimechonga birika lako, tita la majani, kinyonga, kengele ya kanisa, hata miguu ya Anasia na yale malapa yake makubwa. Naamka na moyo mzito, lakini nikifika mahali pa kupuliza mabaki ya ndala mezani na kugonga muhuri kwenye karatasi, nakuwa mtu mwingine. Siku nisipochonga nagombana hata na sindano.

Hizo za mwanzo zilikuwa za kukufurahisha wewe. Halafu Anasia akaniandikia habari ya masale.

Mama, naandika tena jambo unalolijua kwa sababu nataka lisomwe kwa sauti humo ndani. Baba hajamaliza mwaka kaburini, mdogo wake akaja na sururu akang'oa masale, ile mimea ya mpaka aliyoipanda babu kando ya mfereji, akayapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, katikati ya kahawa yako. Akawaambia wazee wa ukoo kwamba nyumba ya wasichana watupu haihitaji ardhi yote ile. Wazee wakaendelea kunywa mbege yao. Na msimu haukupita, lori la mnunuzi binafsi kutoka Himo likapakia kahawa uliyoipalilia kwa mikono yako, mwenye kusimamia mizani ni yeye. Niliposoma hayo nilitaka aumie. Nakuambia wazi na usishtuke: mpaka leo nataka.

Ningefanya nini mimi niliye huku Songea? Kupigana siwezi, na mwenyekiti uliyemlalamikia ni mnywaji mwenzake. Nikachukua soli ya ndala. Nikachonga mtu aliyeinama, kofia ya pama imeshuka mpaka masikioni, uso hauonekani, koti halina kifungo cha nyuma, mikono yake miwili imeshika shina la isale analing'oa. Sikuandika jina. Nikaugonga muhuri mbele ya bahasha, pembeni ya anwani, nikapeleka posta.

Maana najua barua zinavyofika huko. Zinalala kwenye sanduku la usharika, na Jumapili baada ya ibada, mnada wa ndizi na mayai ya sadaka ukipamba moto, mzee wa kanisa anasimama anaita majina. Bahasha inanyanyuliwa, inapita mkono kwa mkono mpaka imfikie mwenyewe. Nilichonga kwa ajili ya mikono hiyo, mama. Wiki iliyofuata nikamchonga akipanda masale kwenye kahawa. Nyingine nikamchonga na gunia mgongoni, kofia ileile. Asubuhi hizo ndizo nilizofurahi kuliko zote tangu nije huku. Nilikuwa naimba mpaka fundi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Anasia anasema siku hizi yule mzee wa kanisa anaiweka barua yangu ya mwisho, na watu hawaondoki mpaka itoke. Lakini lililonishibisha ni lile la mnadani. Baba Mdogo mnamjua, hapendi kupitwa. Mkungu mkubwa wa mwisho lazima aondoke nao yeye, watu wote wamwone. Akanyanyua mkono kama kawaida, na yule mama anayeuza maziwa njiapanda akamuuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, huo ukishaununua utaupeleka kwenye kihamba kipi, chako au cha Mama Elieshi?" Watu wakacheka, na waliojaribu kujizuia ndio wakacheka zaidi. Akashusha mkono. Akaenda nyumbani bila ndizi. Nilisoma ukurasa huo nimesimama, nikausoma tena nikiwa nimekaa.

Sasa hili la jani.

Mmeniandikia kwamba Baba Mdogo alikuja kwako na mzee mwenzake, akakupa jani la isale limefungwa fundo, akasema, "Mwambieni huyo mtoto anishushe kwenye bahasha." Nawe ukalipokea, ukalitia ndani ya barua ili nami nisamehe. Mama, sikulaumu hata kidogo. Nimelelewa nikijua kwamba isale halikataliwi, kwamba hata mtu akikuulia ndugu, akikufikia nalo mkononi unanyamaza. Ulinyooshewa, ukapokea. Kwako limekwisha, na sitaki uvunje neno lako kwa ajili yangu.

Lakini Anasia aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, na hapo ndipo damu yangu ilipopanda upya: "Dada, jani lenyewe amelikata palepale, kwenye mpaka wake mpya."

Yaani ameomba msamaha kwa jani la masale aliyotuibia. Hakuona hata aibu ya kutembea hatua chache zaidi akakate la nyumbani kwake. Naamini hakuwaza kabisa, na hilo linaniudhi kuliko angekuwa amewaza. Ameshayaona ni yake.

Basi sikiliza jibu langu. Jani hili mimi sikukabidhiwa na mtu, nimeletewa na posta. Mkono wake sijauona. Na yeye ni mkulima, anajua kwamba jani halioti popote, masale huota kwa shina. Kama anataka nimshushe, achukue sururu yake ileile, ang'oe yale mashina kwenye kahawa yako, ayarudishe kando ya mfereji alipoyaweka babu. Afanye hivyo mchana, siku ya soko, akina mama wakiwa wanapita na mizigo yao, na wewe umekaa kwenye kigoda unamtazama. Maneno sihitaji.

Nimeanza kumchongea muhuri wa siku hiyo. Ni isale peke yake, limesimama, lina shina na mizizi. Ili nipate kielelezo nililazimika kuazima hilo jani lake, kwa hiyo angalau limefanya kazi. Ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuchonga, na kila asubuhi naurekebisha kidogo. Sijaugonga mahali popote.

Nisalimie shangazi anayekuletea maziwa ya mgando, mwambie kitenge chake nimeshakishona. Msalimie bibi mzaa baba, mpigie magoti kwa niaba yangu na usimsomee barua hii, Baba Mdogo ni mwanawe. Yule mama wa njiapanda mpe salamu zaidi ya wote, nitamletea kanga. Anasia, nakupenda, na andika herufi kubwa safari nyingine.

Na Baba Mdogo pia msalimieni. Mpeni shikamoo yangu kamili, maana ni mkubwa wangu. Ataona bahasha ya Jumapili hii haina picha, nami nataka apumue vizuri, avae kofia yake na anunue mkungu wake. Ila mwambieni muhuri wa Jumapili ijayo uko tayari mezani hapa. Nimemchonga mpakani, kisu mkono mmoja na jani mkono mwingine. Na safari hii nimemvua kofia.

Ni mimi mwanao,
Elieshi