Togwa Bila Kimea

Mazingara, Jumamosi jioni. Joto la kukausha mate mdomoni, na laiti yangekauka tangu jana.

Nimechefukwa, shajara. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, nimetafuna tangawizi, bado.

Leo wakwe walikuja kutoka Magoma kupanga siku ya ndoa ya mdogo wangu Zaina. Kwetu mkwe hapokelewi kwa soda. Hupewa togwa iliyopikwa na dada wa bibi harusi, na huyo dada huinywa kwanza mbele yao, wamwone ameimeza. Wakisukuma kikombe pembeni, aibu ni ya bibi harusi. Dada mwenyewe ni mimi.

Sasa mimi kimea, kile kinachogeuza uji kuwa togwa, kinanitia kinyaa tangu utotoni. Mtama unalowekwa, unafunikwa gunia bichi mpaka unaota ndevu nyeupe, unanuka kama soksi zilizonyeshewa. Kwa hiyo nikatangaza kwenye blogu yangu na kwenye grupu la familia kwamba safari hii ni togwa ya kisasa: vimeng'enya vya unga, vimefungwa kiwandani, nimeviagiza Dar na kuvipokea stendi ya Korogwe. Kazi yake ni ile ile ya kimea, kugeuza wanga wa uji uwe sukari. Ila havina mizizi, havina harufu, wala havijapita mikononi mwa watu.

Niliandika hivyo, na watu wakanipongeza.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nikapika uji kwenye sufuria ya shughuli. Pakiti ilisema wazi, uji upoe kwanza, uwe vuguvugu. Lakini mimi na usafi wangu nikaona bora uchemke vizuri, vijidudu vife. Nikamwaga pakiti nzima uji ukitokota. Vijidudu sijui, ila vimeng'enya niliviua vyote. Alasiri nikafunua nikakuta gundi, upawa umesimama wenyewe.

Sikumwambia mtu. Nikafunika, nikaenda kulia nyuma ya nyumba, maana Zaina alikuwa ndani anasukwa, anacheka.

Jioni nikarudi kufunua. Uji umelainika, unamiminika, una utamu! Nikasema alhamdulillah, kumbe dawa ilichelewa tu. Hapo akaingia Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, mpikaji wa togwa wa siku zote hapa nyumbani. Akachota kwa upawa, akauramba mbele na nyuma, akaurudisha sufuriani, akakoroga.

"Shangazi!"

"Naonja, mwanangu. Toka alasiri napita naonja, naona mgumu tu. Sasa umekubali."

Nikakumbuka shuleni tulivyotafunishwa ugali mpaka ukawa mtamu mdomoni. Nikakumbuka uji wa mtoto ulioachwa na kijiko ndani, unavyogeuka maji. Mate nayo yana vimeng'enya.

Nilitapika.

Kuanza upya ningeanzaje? Pakiti imekwisha, na kimea nimekipiga marufuku mwenyewe. Nikarudisha sufuria motoni, nikaichemsha mpaka mkono ukachoka. Haikusaidia kitu rohoni. Mate yaliyochemshwa ni mate.

Leo wazee wakakaa mkekani. Shangazi mwenyewe akanijazia kikombe cha kwanza, anatabasamu. Zaina alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama bila kupepesa. Nikanywa chote.

Baba mkwe akamaliza chake, akaongeza kingine.

"Huyu ndiye atupikie siku ya harusi," akasema.

Shangazi akaniminya bega. "Msiwe na wasiwasi, tutakuja wote wawili."

Siku imepangwa. Zaina amenikumbatia mpaka mbavu zimeuma, na furaha yake ninaitaka kweli. Ila kuna jambo nimeshindwa kumwambia hata yeye, na ndilo linalonichefua kuliko upawa ule. Ilikuwa tamu. Tamu kuliko ya kimea, na nililamba midomo mbele ya watu wote.

Kesho naloweka mtama, uote ndevu zake zote.