Presha ya Saa Nane Mchana

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Mzigo wa Xavery umefika! Kondakta wa basi alinipigia asubuhi, nikakimbilia stendi na kanga za nyumbani. Kaka yangu huyu anafunga viyoyozi kwenye maghorofa ya Dar, na aliniahidi tangu Pasaka mpaka nikaacha kuamini. Boksi dogo, kama la viatu vya mtoto. Ndani vipimo vinne. Viwili vya presha, unafunga kwenye mdomo wa gesi. Viwili vya joto, vina taya kama vibanio vya nguo, unabana kwenye bomba. Waya hakuna. Mshale hakuna. Namba zote zinakwenda kwenye simu.

Nimebana kimoja nyuma ya friji yangu nikatoka nje. Uani — inasoma. Barabarani — bado inasoma. Nikarudi kinyumenyume mpaka karibu na mashine ya kusaga, ndipo namba zikaganda. Hatua sitini na moja! Jirani yangu Agnetha akauliza kama natafuta mtandao. Nikasema ndiyo. Ningemweleza nini?

Nimejibana kidole pia: 33. Siku zote nilijua mtu ni 37. Kumbe kidole kina hali yake ya hewa.

Miaka kumi na moja ya kutengeneza majokofu, na leo nimecheza siku nzima.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kwanza. Akili haikuwepo. Feni ya kanisani inalia upande mmoja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Fundi Ngollo hakufurahi. Nilijua. Karakana ni yake, kazi alinifundisha yeye, na mpaka leo akinitambulisha kwa wateja husema "huyu Dafrosa ni mkono wangu wa kulia," hata nikiwa nimefanya kazi yote peke yangu. Amekigeuza kipimo, akakinusa — kweli, alikinusa! — akasema kitu kisicho na mshale kitakudanganya bila hata aibu. Yeye ana geji yake ya mshale na ana kiganja chake, vinamtosha.

Basi nikamwambia tujaribu hicho kiganja. Tulikuwa buchani, kwenye jokofu la nyama. Akashika bomba la kwanza, akafumba macho. "Tano." Simu: 5.3. Bomba la pili, lile la moto. "Arobaini na mbili." Simu: 41.6. La tatu: "Kumi na moja." 11.0!

Nilipiga kelele mwenye bucha akadondosha kisu. Fundi akajifuta mkono kwenye suruali kama mtu aliyeulizwa jina lake. Lakini njia nzima alikuwa anapiga mluzi.

Nataka kujua inakuwaje. Ngozi inawezaje kujua nusu nyuzi? Nimejaribu mwenyewe jioni, nimekosea kwa tisa.

Jumanne, 8 Oktoba

Sister Theodora amepiga simu. Yeye ndiye mkuu wa kituo cha afya cha masista, njia ya Urambo. Chumba baridi cha chanjo kimepanda joto tena. Hii ni mara ya tatu tangu Agosti. Chanjo za surua zimemwagwa, na kina mama waliotembea kutoka vijijini na watoto mgongoni wamerudishwa. Zilizobaki zimehamishiwa kwenye masanduku ya barafu. Anatuuliza sisi ni mafundi au watalii.

Niandike hapa kitu ambacho sijamwambia mtu. Mwezi uliopita tulipokwenda, Fundi alimwambia Sister kwamba mashine haina kosa, kosa ni la mtu: mlango unaachwa wazi. Mwenye funguo alikuwa Jenifa, nesi wa chanjo. Binti wa watu, mpole, kwao Choma kule Igunga. Alisema hapana, mimi hufunga. Sister akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubaliana na Fundi. Wiki iliyofuata Jenifa akasimamishwa kazi, akarudi kwao.

Na sasa Jenifa hayupo. Na joto limepanda. Nani kaacha mlango?

Jumatano, 9 Oktoba

Siku ndefu. Niandike vizuri.

Tumefika saa tatu asubuhi. Chumba kinasoma nyuzi 4, kama kawaida. Ndivyo ilivyo kila tukienda: asubuhi kizuri, tunaondoka, kinaharibika. Fundi akafunga geji yake ya buluu. Hiyo ya buluu ndiyo anayoitegemea, ile nyekundu ya presha kubwa mpira wake ulipasuka zamani na hakununua mwingine. Mshale ukasimama kwenye 50. "Gesi imepungua," akasema. Kisha akashika bomba, akakunja uso. "Ajabu. Mkono unaniambia imetosha." Akaufuata mshale. Akaanza kuvuta mtungi.

Nikamwambia, "Fundi, naomba tusiongeze. Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi nikae hapa nafanya nini?"

"Nataka kuona kinachotokea tukiwa hatupo."

Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema haya, mimi naenda kumsalimia shemeji yangu mjini, wewe kaa na simu yako. Akaondoka na gari.

Nikafunga vipimo vyote vinne. Sister akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautia mfukoni mwake. Mimi nikakaa kwenye baraza ya kliniki, ng'ambo ya ua, nikitazama mistari ikijichora. Kitu cha kwanza: presha ya chini, simu inasema 62. Geji ilisema 50! Bomba lile lile, mashine ile ile.

Saa tano, shwari. Saa sita, presha kubwa inapanda polepole. Saa saba jua limekaa juu ya mabati, mbuzi wamejibanza ukutani, mstari unapanda kama mtu anayepanda ngazi. 340. 365. 390. Mama mmoja mwenye mtoto akauliza kama natazama mpira. Nikamwambia ni mashine ya chanjo, nangoja ianguke. Akakaa na yeye kutazama. Saa nane na dakika sita — 408 — na kimya. Mashine imejizima! Yule mama akasema, "Imekufa?" Haijafa. Imejilinda, presha imezidi. Baada ya dakika kumi na mbili ikawaka, ikapanda, ikajizima tena. Hivyo hivyo, mara nyingi. Chumbani 6, kisha 9, kisha 11. Ilipofika saa kumi jua likalegea, mashine ikatulia, chumba kikaanza kushuka. Kesho asubuhi kitakuwa nyuzi 4 tena, kizuri kama malaika.

Mlango haukufunguliwa hata mara moja. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sister.

Sister alisimama nyuma yangu muda mrefu. Mwisho akasema, "Kwa hiyo joto hupanda hata Jenifa akiwa hayupo."

Fundi aliporudi nikamwonyesha. Akasema kiangazi, jua kali, mashine inazeeka. Njiani hakupiga mluzi.

Ila mimi swali langu ni moja: 62 au 50?

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata njia! Nililala nayo, nikaamka nayo. Mtungi wa gesi uliokaa kivulini usiku kucha presha yake hufuata joto lake. Hakuna ujanja. Kuna jedwali, Fundi mwenyewe alinikaririsha zamani. Nimefika karakana kabla yake. Mtungi: nyuzi 28. Jedwali: 183. Kipimo cha Xavery: 182.

Geji ya Fundi: 147.

Nimerudia mara nne. Nimebadilisha mipira. Nimebadilisha mtungi. 147, 146, 147, 147. Ukiiacha wazi inarudi sifuri sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Inapunguza sehemu moja ya tano, kila mahali.

Nakumbuka ilipoanguka. Aprili, juu ya paa la nyumba ya wageni hapa mtaani Chemchem. Kioo kilipata ufa, Fundi akabandika gundi ya karatasi. Mimi ndiye niliyeiokota.

Kwa hiyo: Julai tulikwenda kwa masista kwa usafishaji wa kawaida tu. Chumba hakikuwa na tatizo lolote. Geji ikasema gesi pungufu, tukaongeza. Agosti joto likapanda, wakatuita, tukaongeza. Septemba tukaongeza tena — na tukamsema Jenifa. Mashine imeshiba mpaka kooni. Jua likiwaka inakabwa.

Sisi ndio tuliokiharibu.

Na mkono wake ulimwambia. "Imetosha." Ulimwambia kweli!

Fundi aliingia saa mbili, nikaficha vipimo kwenye pochi kama mwizi. Nilitengeneza pasi ya mtu mchana kutwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia.

Sikuhubiri. Niliweka mtungi mezani, geji yake, kipimo changu, jedwali. Nikasema, "Fundi, hebu fanya wewe." Akafanya. Akatazama. Akafungua, akafunga upya, polepole, kama anavyofundisha. 147. Akaishika geji mkononi, akapitisha kidole gumba juu ya ile gundi.

"Tangu lini?"

"Ilipoanguka, nadhani."

Akakaa juu ya kreti. Bodaboda zilipita, mtu akaja kuulizia mpira wa mlango wa friji, nikamwambia arudi kesho. Fundi hakumwona.

"Yule binti wa watu," akasema.

"Tulimsema sisi, Fundi."

"Nilimsema mimi. Wewe ulitikisa kichwa. Kutikisa kichwa nilikufundisha mimi."

Kumbe aliona.

Halafu akauliza, bila kunitazama: "Hiyo michoro ya juzi, kwenye simu. Inafutika?"

Nikaishika simu. Miaka thelathini na minne ana jina hapa mjini. Sister hajui chochote kuhusu geji. Tungekwenda, tukatoa gesi, tukasema tumebadilisha kifaa fulani, chumba kingepona. Jenifa angebaki aliyeacha mlango.

"Inafutika," nikasema. Nisingemdanganya.

Akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akatoka. Geji ameiacha mezani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuja. Simu imezimwa. Mkewe anasema ameamka salama, yuko shambani. Shamba gani mwezi wa kumi, mvua hata harufu yake hakuna?

Michoro sijaifuta. Nimeitazama mara nyingi. Kidole kinakwenda karibu na lile pipa dogo la kufutia, nataka tu kujua ningejisikiaje. Najisikia vibaya.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada yao ya Moravian Fundi kaja hapa nyumbani na suti yake. Hakutaka chai. Alisimama mlangoni.

"Kesho ni sikukuu, lakini masista wapo. Beba mtungi mtupu wa kutolea gesi. Na simu yako iwe na chaji."

"Kwa hiyo tunamwambia Sister?"

"Nimeshampigia."

"Ukamwambia nini?"

"Dafrosa. Chaji."

Akaondoka. Mtu huyu!

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandikia hapa hapa kituoni, nimekaa kwenye ngazi za stoo, daftari juu ya goti. Saa tisa kasoro.

Asubuhi Fundi hakufungua hata begi. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Sister Theodora, nami nyuma. Akasimama, akasema: geji yangu ni mbovu, nimejaza gesi kupita kiasi mara tatu, chanjo zimeharibika kwa mkono wangu, na nesi nimemsingizia. Hivyo tu. Kwa sauti ile ile ya kutaja kifaa kilichoungua. Sister akavuta karatasi. Kisha akasema kuhusu chanjo ataandika ripoti kwa wakubwa na jina la Mzee Ngollo litakuwemo, hana namna. Fundi akasema sawa.

"Na la Jenifa," Sister akasema, "sitamwambia mimi. Nilimpigia juzi usiku ule ule uliponipigia. Amelala Tabora jana, yuko njiani. Utamwambia mwenyewe."

Juzi! Kumbe Fundi alimpigia Sister tangu Jumamosi, siku ile nilipoambiwa yuko shambani. Shamba gani!

Tumetoa gesi. Fundi alishika bomba, mimi nikasoma simu, tukaenda hivyo, yeye akisema "bado," mimi nikisema namba. Aliposema "hapo" simu ilikuwa imefika hapo hapo. Sikumwambia. Nilifunga tu valvu.

Saa nane imepita na jua lake lote. Presha kubwa 292. Mstari umelala. Chumba nyuzi 4. Nusu saa nzima nimetazama mstari ulionyooka na sijachoka.

Bodaboda imesimama getini. Ni Jenifa. Kakonda. Ana begi dogo la safari na gauni la kitenge, si sare. Fundi ameinuka, anamfuata, mikono yake bado ina mafuta.

Wamesimama. Kama hatua nne kati yao. Kwa kawaida sasa Jenifa angekunja goti, angesema shikamoo. Hajasema. Anamtazama tu usoni. Sister amejitokeza dirishani.

Fundi naye anangoja ile shikamoo — nakijua kichwa chake, hajui kuanza mazungumzo na mtoto ambaye hajamwamkia. Bodaboda imeondoka, vumbi limetua, bado wamesimama.

Amevua kofia.

Sijawahi kumwona bila kofia juani. Anasema kitu, midomo inakwenda, kutoka hapa sisikii. Jenifa ameweka begi chini — lakini mkono haujaliachia. Sasa ananyoosha kidole huku kwangu, anamuuliza Fundi kitu, wote wawili wananitazama mimi, na najua ni kile kichwa nilichotikisa. Nafunga daftari, nawafuata.