Mama Aliponilegeza Mguu

Rwambuzi, Bunia

Kwako Yaya Fiacre, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba Kisangani inakutunza na kwamba kile kikohozi kimekwisha bila Mama kukutumia dawa zake. Huku sote tuko hai. Mama ni mzima, na mdomo wake ni mzima kuliko yeye. Nyumba bado inavuja upande ule ule. Habari zangu nitazifikia polepole, univumilie.

Ulisikia kwamba nilichaguliwa kukimbia mita mia nne kwa ajili ya jimbo letu, na kwamba mashindano yatakuwa huko huko kwako. Kabla ya safari, kocha alimleta Augustin, fundi wa viungo, apime miguu yetu. Tuliruka papo hapo, magoti yamenyooka, mikono kiunoni, naye amelala kifudifudi anapiga video ya nyayo zetu kwa simu. Kisha akaitazama polepole aone nyayo zinakaa chini kwa muda gani kabla ya kuruka tena. Alieleza kwamba mguu ni kama resori ya pikipiki, ile springi ya chuma: ikiwa laini mno inameza nguvu zako, ikikaza inakurusha. Yangu, alisema, ilikaza kuliko ya wote aliowahi kupima. Nilirudi nyumbani natembea kama jogoo.

Augustin alinisindikiza kumwomba Mama ruhusa ya safari. Ni mtu wa adabu, alitaka kumsifu mtoto mbele ya mzazi wake. Alizoea kuiita hali hiyo ya mguu kukaza kwa Kifaransa, raideur, sasa akaigeuza katika Kiswahili chetu: "Mama, miguu ya mutoto yako iko nakauka sana." Mama akaweka chini sahani aliyokuwa anafuta. Unajua mwenyewe alichokumbuka: mjomba Gustave, tulipokimbia vita vya Djugu, akala mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, miguu ikakauka, na hadi kufa kwake hakusimama tena. Augustin alijaribu kufafanua, lakini kila alipofafanua alilirudia neno lile lile. Mama akamshukuru kwa kuuona ugonjwa mapema.

Basi akaanza kunitibu. Unaijua mikono ya Mama. Mwanamke akijifungua hapa Rwambuzi, ni yeye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto. Kila jioni alinilaza kwenye mkeka, akanipaka mawese ya moto, akanikanda na kuukunja unyayo. Nilimwambia siumwi. Akajibu kwamba hata mjomba alisema hivyo. Na kusema kweli, Yaya, nilipenda. Tangu tumzike Baba, Mama hakuwa amenigusa kwa muda mrefu hivyo.

Jumapili moja baada ya misa aliegemeza kifua chake kwenye unyayo wangu wa kushoto, akasukuma kwa uzito wote. Kitu kikalia nyuma ya kifundo kama kijiti cha kuwashia moto kinachovunjwa. Nilipiga kelele. Mama akasema, "Sikia, iko natoka sasa," akalia kwa furaha. Na kweli mguu ulilegea. Unyayo ulikwenda popote alipoupeleka, akaita majirani waje waone.

Yaya, kilichotoka si ugonjwa. Mshipa wa kisigino ulikatika. Nilichelewa kwenda kwa Augustin, kwa sababu Mama alisema kuchechemea ni dalili ya kupona. Augustin alinibinya shavu la mguu, unyayo haukutikisika kama inavyopaswa mshipa ukiwa mzima. Nilimwomba anipime tena kwa kuruka, akakataa, nikajaribu mwenyewe mbele yake. Mguu haukuniinua hata kidogo. Akasema daktari wa kuushona mshipa yuko mbali, na wakati wa kuushona umepita. Sitakimbia tena. Naogopa kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Mama hajui. Nimemwambia kwamba kocha amenipumzisha hadi mwaka ujao. Anaamini ameniokoa, na tangu Djugu hajapata kuamini kwamba ameokoa kitu. Nilikusudia kunyamaza milele. Nilikusudia hata wewe nisikwambie.

Lakini anayekwenda badala yangu ni Rébecca, binti wa jirani Bernadette, na Augustin alishampima naye siku ile, akamsifu kwa neno lile lile. Jana Bernadette alikuja kumwambia Mama kwamba miguu ya mtoto wake nayo imekauka. Wamekubaliana Mama aanze kumkanda kesho. Mawese ameshayanunua, na leo ameimba siku nzima.

Kwa hiyo nitamwambia usiku huu, nikimaliza kuandika. Nimetafuta namna ya kumzuia bila kumwambia, sikuipata. Barua hii ikikufikia, Mama atakuwa ameshajua mikono yake ilichofanya. Mpigie simu. Asipopokea, piga tena, na tena.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na Mungu akulinde huko.

Mdogo wako akupendaye,
Ketsia